Tunakutana mlangoni mwa choo saa tisa usiku

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Nairobi, nina miaka 59. Naishi Umoja One na babangu, ambaye ana miaka 84. Tuko wawili tu. Mamangu alifariki mwaka wa 2019, mke wangu na mimi tuliachana zamani, na watoto wetu wameshajitegemea, binti yuko Nakuru na kijana yuko Ruiru. Mchana nikiwa kazini kuna mama jirani anayekuja kumpikia baba na kukaa naye, namlipa. Kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka asubuhi ni mimi.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliandikwa mwaka wa 1962 akiwa na miaka 21, akaanza kwa kusafisha injini, akawa faya, yaani mchochea moto wa injini, mwishowe dereva. Zile injini kubwa za mvuke za aina ya 59, zilizopewa majina ya milima, amekwenda nazo Mombasa na kurudi miaka mingi mpaka dizeli zikachukua kazi. Alistaafu 1996 akiwa na miaka 55, kama ilivyokuwa kawaida wakati huo. Nyumba hii aliichukua kwa kaunsili akailipia kidogo kidogo. Sisi ni Wataita, lakini marehemu mama alikuwa Mkamba wa Kibwezi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea.

Ninalokuandikia sijui hata niliite nini.

Kila usiku baba huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Chumba chake kinatazamana na changu, choo kiko mwisho wa korido. Zamani nilikuwa naamka kwa sababu yake, nimsikilize asije akaanguka. Mwaka huu nimegundua kwamba naamka hata yeye akiwa amelala. Naamka kwa haja yangu mwenyewe. Wiki chache zilizopita tulikutana mlangoni mwa choo saa tisa usiku, yeye na fimbo yake, mimi nimeshika ukuta kwa sababu goti la kushoto huwa limekaza saa hizo. Akaniambia, "Tangulia wewe, naona umebanwa." Nikaingia. Nilipotoka alikuwa bado amesimama pale pale gizani, ananingoja, vile alivyokuwa akiningoja nikiwa mtoto wa miaka minne, tukiishi kwenye nyumba za reli kule Makongeni na vyoo viko nje. Nilirudi kitandani na usingizi haukuja tena.

Jumapili mimi humnyoa ndevu. Namkalisha karibu na dirisha la sebuleni, namfunga taulo shingoni, beseni la maji moto naliweka juu ya stuli. Ngozi ya mashavu yake imelegea, lazima niivute kwa kidole gumba ndipo wembe upite. Jumapili iliyopita alinishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga, jinsi ninavyomgeuza yeye, akasema, "Umri wako huu, mimi nilikuwa nimeshastaafu miaka minne."

Nikapiga hesabu. Ni kweli. Shangazi, baba alipostaafu mimi nilikuwa na miaka 30, na nilimwona mzee aliyemaliza mambo yake. Nilimsema mbele yake kana kwamba hayupo. "Mzee apumzike." "Mzee hiyo hawezi." Nilichukua sanduku lake la spana, zile spana nzito zilizokuwa zimeng'aa kwa kushikwa, nikampa fundi mmoja wa Kariobangi bila kumwuliza, kwa kuwa niliona hana kazi nazo tena. Hakusema neno. Leo nimempita kwa miaka yule mtu niliyemwona mzee. Mwakani nafikisha 60 na TSC, tume inayotuajiri walimu, inanipa barua yangu ya kustaafu.

Hakuna anayejua ninavyojisikia, kwa sababu katika nyumba yenye mtu wa miaka 84 hakuna anayehesabu miaka ya mwingine. Watu wakipiga simu wanauliza, "Mzee anaendeleaje?" Nikimwambia dada yangu nimechoka ananijibu, "Wewe bado una nguvu, shukuru Mungu." Wakati mwingine namwona baba amesimama katikati ya jikoni, amesahau alichofuata, najiona mimi miaka 25 ijayo, ila mimi sina mtu wa kunishika kidevu na kuninyoa. Hapo hasira hunipanda. Namkaripia kwa jambo dogo, kama mfereji ambao hakuufunga vizuri, kisha nalala na aibu.

Sasa ndugu zangu wameshaamua. Kakangu aliye Doha na dada yetu aliye Voi wanasema nikistaafu tu nimchukue baba turudi Wundanyi, nikae naye huko mpaka mwisho wake, nyumba ya Umoja tuipangishe. Wanasema si vizuri mzee amalizie siku zake Nairobi. Sijakataa, sijakubali. Naona kama siku hiyo watakuwa wamerudisha nyumbani wazee wawili huku wakidhani wamemrudisha mmoja. Je, ni ubinafsi kuwaza uzee wangu wakati babangu yungali hai?

Mwalimu, Umoja

* * *

Mwalimu, marahaba.

Si ubinafsi. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 260, inamtaja mzee kuwa ni mtu aliyezidi miaka 60. Mwakani ukifikisha hiyo na kuipita, nyumba yenu itakuwa na wazee wawili kwa mujibu wa sheria kuu ya nchi. Ibara ya 57, ile inayotaka wazee waishi kwa heshima, waendelee kujiendeleza, na wapate matunzo kutoka kwa familia zao na Serikali, haikutenga mzee wa sitini na kitu na mzee wa 84. Itawahusu nyote wawili, na inaihusu familia yenu yote, pamoja na aliye Doha.

Nina miaka 67. Nilimtunza mamangu miaka saba pale Jericho, na kila mwezi nilimpeleka kliniki ya presha. Nilimshikia kadi, nikakaa naye kwenye benchi, nikamsaidia kukunja mkono wa nguo ili mashine ifungwe. Mashine ile ilikuwa mbele yangu kila mwezi na mkono wangu haukuwahi kuingia ndani yake. Hakuna aliyenikataza. Mgonjwa alikuwa mama, mimi nilikuwa mtoto wa mgonjwa, na nilikuwa na miaka 58. Nilipopimwa, mwezi wa pili baada ya mazishi, ilikuwa 180 kwa 110. Kwa hiyo ninapokwambia uende hospitali wiki hii, naomba usinisome kama watu wanavyosoma ushauri wa magazetini.

Tuanze na hicho choo. Mwanaume wa miaka 59 anayeamka kukojoa kila usiku ana jambo la kuchunguzwa, na mara nyingi ni tezi dume. Tezi hiyo iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kadiri umri unavyosonga huwa inakua na kuubana mrija. Karibu nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60 wanayo hali hiyo, na waliopita 80 hufika tisa katika kila kumi. Kukua huko si saratani, na dawa zake zipo. Lakini saratani ya tezi dume nayo ipo, inawapata zaidi wanaume wenye asili ya Afrika, na mwanzoni huenda isiwe na dalili yoyote. Mwombe daktari azungumze nawe kuhusu kipimo cha damu kinachoitwa PSA, na umweleze kama baba au ndugu yako wa kiume aliwahi kuambiwa ana saratani hiyo, maana ukoo una uzito hapo. Apime pia sukari, kwa sababu kisukari nacho huamsha watu usiku. Na goti hilo ulitaje. Usiende kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa. Fungua faili kwa jina lako.

Baba naye aende, siku nyingine, si siku ile ile, la sivyo utarudi kuwa mshika kadi kama mimi. Kama anameza dawa ya presha ile inayotoa maji mwilini, na anaimeza jioni, muulizeni daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Msiihamishe wenyewe. Mweleze pia hiyo hali ya kusimama jikoni akiwa amesahau alichofuata. Watu wengi hudhani kusahau kwa mzee ni uzee tu na basi, kumbe wakati mwingine ni tezi ya shingo, ni upungufu wa vitamini B12, ni dawa fulani, au ni maambukizi kwenye mkojo, na hayo yote yanatibika. Ikiwa ni ugonjwa wa kusahau wenyewe, ni heri mjue mapema, akiwa bado anaweza kusema anataka nini.

Korido nayo iwekeeni taa ndogo isiyozimwa usiku. Ondoa mkeka au zulia lolote lililo njiani. Chai ya mwisho inyweke mapema jioni, kwenu nyote. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda hadi kichwa kitulie, ndipo asimame, kwa sababu presha hushuka ghafla mzee anapoinuka na hapo ndipo wengi huanguka. Na wewe fanya hivyo hivyo.

Sasa nakuja kwenye sanduku la spana, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Ulimfanyia babako akiwa na miaka 55 kile unachoogopa kufanyiwa ukiwa na 60. Ulimwondolea kazi mikononi kwa sababu uliona amefika mwisho, na ameishi miaka 29 baada ya hapo. Sikwambii hili nikuongezee aibu, unayo ya kutosha. Nakwambia kwa sababu baba yuko hai, yuko chumba cha pili, na unaweza kumwambia leo jioni, "Baba, zile spana zako nilizitoa bila kukuuliza. Nisamehe." Pengine atasema alishasahau. Pengine atakutajia kila spana kwa ukubwa wake. Vyovyote vile, mtoto wa miaka 59 akimwomba babake radhi, baba naye anapata kujua kwamba mwanawe amekua.

Halafu huo mfereji wa jikoni. Mtu aliyeendesha injini ya mvuke miaka yote hiyo anajua mambo ya valvu na washa, vile vipete vya kuzuia maji yasivuje, kuliko fundi utakayemwita. Nunua spana mbili, moja ya kufungulia na nyingine ya kushikilia, na washa mpya ya shilingi chache. Mkalishe kwenye kiti hapo jikoni, wewe uwe mikono, yeye awe macho. Mkikosea, mfereji utavuja tena na mtarudia. Siku nyingine mchukue mwende Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971 karibu na stesheni kuu. Ipo pale injini ya 59, namba 5918, Mount Gelai. Zilikuwa 34 za aina hiyo, kila moja na tani zipatazo 250, na babako huenda aliipanda hiyo hiyo. Mwache aseme. Wewe ni mwalimu, umezoea kuwa unayesema. Siku hiyo kaa upande wa wanafunzi.

Na umwulize habari ya kustaafu. Umemwona babako akiishi baada ya kustaafu miaka yote hii, na katika barua yako sioni kwamba umewahi kumwuliza ilikuwaje. Mwezi wa kwanza alifanya nini asubuhi? Alilala? Alitoka kama kawaida akaenda kuzurura hadi Muthurwa kwa vile hakujua pa kwenda? Pesa zilichelewa? Nani alimtembelea na nani aliacha kuja? Hakuna kitabu cha kustaafu utakachonunua mjini kitakachokujibu hayo kama yeye, na hatakuwa nawe milele. Ulipoona uso wake ukaona wako, uliona kuzeeka peke yake. Kuna mambo mengine mle aliyoyavuka, na yeye ndiye anayeyajua.

Jambo la Wundanyi. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ambapo babako ameulizwa, sijapaona. Kaka ameamua, dada ameamua, wewe unasita. Hapo ni mchezo ule ule wa spana, safari hii ni nyumba nzima. Mzee aliyeishi nyumba moja miaka mingi hutembea ndani yake kwa mazoea hata usiku, anajua mlango uko wapi bila kufikiri. Ukimhamisha ghafla, na tayari ana kusahau kidogo, anaweza kupotea ndani ya chumba. Tena kule juu milimani kuna baridi na miteremko, na wewe una goti. Kwa upande mwingine, huenda yeye mwenyewe anatamani nyumbani kwa moyo wake wote na hajasema kwa sababu hataki kukulazimisha. Sijui, wewe pia hujui, na ndugu zako hawajui. Muulize akiwa ameamka vizuri, asubuhi, mkiwa wawili. Kisha mwende kwa matembezi kabla ya kuamua lolote. Ile treni ya SGR ya asubuhi inayosimama stesheni za njiani inafika Voi, na mtu wa reli kuketi dirishani Mtito Andei ikipita si jambo dogo. Kaeni wiki mbili. Mtazame analalaje, anakula nini, anamwita nani. Na jitazame wewe. Una haki ya kusema kwamba hutaki kuishi huko, na kusema hivyo si kumtupa mzee.

Ndugu zako waandikie ujumbe mmoja, wote wawili pamoja, wenye mambo mawili tu. La kwanza, mwakani wewe unaingia uzeeni, na unapimwa tezi dume. Waandikie hivyo hivyo, wazi. La pili, unahitaji usiku wa kulala. Dada aje kutoka Voi akae na baba wiki moja kila baada ya miezi mitatu, na kaka alipie mtu wa kulala hapo siku mbili kwa wiki. Hizo hasira zako nazifahamu. Mtu akiamka mara nne usiku mwaka mzima, mfereji unaovuja unatosha kumfanya apige kelele. Ukilala zitapungua zaidi kuliko utakavyopunguza kwa kujilaumu.

Karatasi za kustaafu zianze sasa, usingoje miezi ya mwisho. Uliza pia matibabu yako yatalipwaje siku ya kwanza baada ya kuondoka kazini. Hakikisha wewe na baba kila mmoja ameandikishwa SHA, bima mpya ya afya ya Serikali, kwa jina lake, maana ile ya zamani, NHIF, iliondoka Oktoba 2024 na kadi ya zamani haikusaidii.

Umesema huna mtu wa kukunyoa. Una kijana Ruiru. Hapo ni matatu mbili tu. Amewahi kushika wembe kwenye shavu la babu yake? Mwite Jumapili moja, umwachie kiti chako, umwonyeshe jinsi ngozi inavyovutwa kwa kidole gumba. Binti wa Nakuru naye mpigie umwambie habari za goti. Watoto wako wanakuona vile wewe ulivyozoea kuonekana, kijana wa mzee, na hawatajua vingine mpaka uwaambie.

Lakini wa kwanza kuambiwa awe baba. Alikungoja gizani kwa sababu alishakuona. Aliposema habari ya miaka minne Jumapili ile, nadhani alikuwa anakufungulia mlango, na wewe ukaenda kupiga hesabu. Jumapili hii ukishamfuta povu, usiinuke kumwaga maji. Kaa hapo kwenye stuli, mwambie kwamba unaamka usiku kwa haja ile ile yake, kwamba goti linauma na kwamba unaogopa. Kisha uniandikie alikujibu nini, na daktari naye alisemaje.

Shangazi